Huyo Nina Analipwa Shilingi Ngapi?

Kati ya 1993 na 1995 kulikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju ambaye karibu Tanzania nzima ilimjua, isipokuwa sisi wa Dodoma. Alikuwa mhusika wa "Twende na Wakati", mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, mara mbili kwa wiki, saa za jioni watu wanapokuwa wamesharudi nyumbani. Mkwaju alikuwa na mke, Tunu, na huko safarini alikuwa na wanawake wengine wengi. Binamu yangu alipokuja likizo kutoka Buguruni alimzungumzia kana kwamba wanapanga nyumba moja. Alituambia Mkwaju kafanya nini wiki hii, Tunu kamjibuje, na fundi cherehani mmoja aitwaye Fundi Mitindo anaishije na mkewe, Mama Waridi. Jioni tukawasha redio ya baba, tukakaa kimya kuizunguka. Saa ikafika, kikaja kipindi kingine kabisa. Binamu akageuza kitufe huku na huku, hakumpata Mkwaju wala Tunu. Mama akasema labda watu wa Dar wana redio yao.

Nilielewa miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niliposoma makala ya watafiti waliofuatilia mchezo ule. Dodoma ilikuwa imeachwa makusudi. Kituo cha redio cha hapa kiliweza kujitoa kwenye matangazo ya Dar es Salaam na kuweka vipindi vyake, kwa hiyo eneo lake likachaguliwa kuwa la kulinganishia. Everett Rogers, msomi wa Marekani aliyejulikana kwa kitabu chake cha 1962 kuhusu namna mambo mapya yanavyoenea katika jamii, alitaka kujua pamoja na wenzake kama hadithi ya redio inaweza kuwafanya watu wapange uzazi na wajikinge na UKIMWI. Ili wajue, walihitaji mahali ambako hadithi haikufika. Mahali hapo palikuwa kwetu.

Sikuona uchungu niliposoma hayo. Mwaka 1995 mchezo ukaanza kusikika Dodoma pia, na mabadiliko yaliyokuwa yameonekana mikoa mingine yakaanza kuonekana na huku. Lililonibana ni jambo jingine waliloliandika: watu hawakubadilika kwa kusikiliza peke yake. Walisikiliza, kisha wakazungumza, mke na mumewe, shoga na shoga yake, vijana kijiweni. Hadithi ilifanya kazi pale ilipogeuka kuwa maneno ya watu wenyewe. Nililikubali hilo kama mtu anavyokubali jambo la kwenye mtihani. Kuliona kwa macho kulikuja baadaye sana, na aliyenionyesha hakuwa Mkwaju. Alikuwa mpishi mmoja wa Brazil.

Lakini kwanza niseme kwamba Mkwaju na huyo mpishi ni wa ukoo mmoja. Mbinu ya "Twende na Wakati" ilianzia Mexico, kwa mtayarishaji wa televisheni Miguel Sabido, ambaye naye alikuwa ameichunguza tamthilia ya Peru ya 1969 iitwayo Simplemente María. Ndani yake msichana wa kazi aliyetoka kijijini anajifunza kusoma, anajifunza kushona, anapanda mpaka anakuwa mbunifu wa mavazi. Wasichana wa kazi waliokuwa wakiitazama wakaanza kujiandikisha masomo ya jioni na kununua cherehani, na hapakuwa na aliyewaambia wafanye hivyo. Sabido akaona kwamba hapo pana nguvu. Akapanga wahusika wa tamthilia zake katika makundi matatu: wema, wabaya, na walio katikati, wanaoyumba, wanaokosea, wanaogeuka taratibu mbele ya macho ya mtazamaji. Hao wa katikati ndio aliowategemea kufundisha, kwa sababu ndio wanaofanana na sisi. Tunu, mke wa Mkwaju, alikuwa mmoja wao.

Brazil wao hawakuanza na somo. Walianza na hadithi, na ndiyo maana nawapenda. Televisheni ya Globo ilianza Rio de Janeiro tarehe 26 Aprili 1965, na ikajenga desturi ambayo hata leo haijafa: Jumatatu hadi Jumamosi, sehemu mpya za tamthilia kila usiku, ile tamthilia kubwa kuliko zote ikikaa baada ya taarifa ya habari. Inakwenda miezi kadhaa, kisha inakwisha. Hilo la kwisha ni muhimu kuliko linavyoonekana. Sisi tuliokua na Isidingo ya Afrika Kusini pale ITV tulizoea hadithi isiyo na ukingo, ambamo mtu anaweza kutenda uovu na kusahaulika. Ya Brazil ina siku ya hukumu. Na mwandishi huandika huku tamthilia ikiwa hewani tayari, anasikia watu wanasema nini kwenye daladala zao na sokoni, kwa hiyo mtazamaji ana mkono wake ndani ya hadithi.

Afrika inazijua tamthilia hizo tangu zamani. Luanda walikuwa na soko kubwa la wazi lililobeba jina la Roque Santeiro, tamthilia ya Globo ya 1985, mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 2010. Wenzetu wa Angola na Msumbiji walizipata kwa Kireno, lugha wanayoielewa. Sisi ilibidi tusubiri mtu azitie sauti za Kiingereza, halafu tutafute mtu mwingine wa kutueleza hicho Kiingereza.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepata kazi ya ualimu wa sekondari na kupanga chumba Chang'ombe, hapa Dodoma, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba pande mbili, korido katikati, na ua nyuma wenye choo, kamba za nguo na mti mmoja wa mwarobaini. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Mvumi, mtu wa kanisani, mwenye sauti ambayo watoto wa jirani waliitii kabla haijamaliza kutamka majina yao. Alikuwa na televisheni. Mitambo ya analojia ilizimwa Dodoma mwanzoni mwa 2013, na bila king'amuzi skrini haikuonyesha kitu. Yeye alinunua king'amuzi, lakini kifurushi hakikulipiwa kila mwezi. Siku ambazo hakikulipiwa, tulitazama kwa flashi. Kijana mmoja karibu na soko la Majengo alikuwa na kompyuta na orodha ndefu ya filamu na tamthilia. Unampa flashi, unarudi jioni kuichukua imejaa. Ndivyo Avenida Brasil ilivyotufikia.

Nieleze kisa chake kwa kifupi, kwa ajili ya wasioijua. Msichana mdogo Rita anaishi na baba yake na mama wa kambo, Carminha. Baba ameuza nyumba, na Carminha na hawara yake Max wanapanga kuiba hizo fedha. Rita anagundua, anamwambia baba. Usiku huo huo baba anagongwa na gari kwenye Avenida Brasil, barabara kuu ya kweli inayopita katika vitongoji vya Rio, na dereva ni Tufão, mchezaji mpira maarufu anayetoka kushinda ubingwa. Tufão, kwa kulemewa na hatia, anamtunza mjane na mwishowe anamwoa. Rita anatupwa jalalani, anaishi na watoto waokota taka, kisha anachukuliwa na familia ya Argentina. Anakua, anabadili jina, anakuwa Nina, anakuwa mpishi hodari. Anarudi Rio na kuomba kazi ya upishi katika nyumba ya Tufão, anamoishi Carminha kama malkia. Carminha hamtambui.

Aliyeiandika ni João Emanuel Carneiro. Ilianza kurushwa tarehe 26 Machi 2012 na kumalizika tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo, sehemu 179. Usiku wa mwisho mitaa ya miji ya Brazil ilikuwa mitupu, na walioendesha gridi ya umeme walikaa macho wakihofia jinsi matumizi yangeruka pale tamthilia itakapokwisha na nchi nzima kuinuka kwa pamoja. Baadaye iliuzwa katika nchi zaidi ya 100. Wahusika wake wakuu hawakuwa matajiri wa ufukweni. Walikuwa watu wa uswahilini waliopata fedha wakabaki uswahilini, wanaopiga kelele mezani, wanaopenda mpira, wanaojua kila mtu anadaiwa nini. Hata wimbo wake wa kufungulia ulijengwa juu ya mdundo wa kuduro, ambao asili yake ni Luanda. Tulipousikia mara ya kwanza watoto wote wa ua walianza kucheza bila kuambiwa.

Tulikaa hivi: mama mwenye nyumba kwenye kochi, mimi pembeni yake kwenye stuli ili nisikike, wapangaji wengine kwenye mkeka. Alikuwepo mama mmoja aliyeuza zabibu stendi, msimu wa zabibu ukiisha anauza karanga. Alikuwepo dereva wa bodaboda aliyejifanya anapita tu kila siku. Na mlangoni, amesimama, mkono mmoja kwenye fremu, alikuwepo binti wa kazi. Alitoka upande wa Bahi. Sote tulimwita dada, hata waliomzidi umri mara tatu.

Huku kwetu kwenye tambarare ya kati mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 au 600 kwa mwaka mzuri. Mwaka ambao mtama na uwele vinakaukia shambani, mabinti ndio wanaotangulia kuondoka nyumbani. Wengine wanaishia mjini Dodoma, wengine wanapanda basi mpaka Dar es Salaam. Nimefundisha baadhi yao kabla hawajaondoka. Kuna madawati darasani ambayo najua kabisa yaliachwa wazi na mwaka wa njaa.

"Mwalimu, anasemaje?" Ndilo swali nililojibu kila jioni. Nilitafsiri nikiwa nimegeuza nusu ya uso kwa wasikilizaji wangu, na nikagundua upesi kwamba hawakutaka neno kwa neno. Walitaka kujua anasema kwa dharau au kwa woga. Carminha aliyeigizwa na Adriana Esteves alikuwa na uwezo wa kumtukana mtumishi na kumwita mpenzi katika pumzi ile ile, na mama mwenye nyumba hakuhitaji tafsiri hapo. Alikuwa anaguna kabla sijafungua mdomo. Kila sehemu iliisha vilevile: sura ya mhusika inaganda, rangi inamtoka, nyuma yake taa za duara zinawaka. Nani atagandishwa leo ulikuwa mchezo wetu. Watu walitaja majina mapema, na aliyepatia alijisifu mpaka kesho yake.

Nina nilimpenda kwa sababu yangu mwenyewe. Yule mpishi alimletea bwana mwenye nyumba vitabu. Tufão, mchezaji mpira ambaye hakuwa na mazoea ya kusoma, alijikuta ana Madame Bovary mkononi, kisa cha mke anayemdanganya mumewe, naye hajui kwamba kimechaguliwa kwa ajili yake. Niliueleza ukumbi mzima kitabu hicho kinahusu nini. Dereva wa bodaboda akapiga kofi goti lake na kusema huyo dada ni hatari, anampiga mtu kwa kitabu.

Kisha ikafika ile sehemu. Carminha ameshamjua Nina ni nani, ameshamtesa vibaya, hata kumfukia akiwa hai ili kumtisha. Lakini Nina ana picha za Carminha na Max, na kwa picha hizo anamgeuzia meza. Familia haipo. Nyumba wamebaki wao wawili. Nina anakaa kwenye kochi la tajiri yake na kumwamuru ampikie, amtengee, afue, afagie, apige magoti asugue. Carminha anavaa aproni. Anaungua mikono. Anasahau chumvi. Nina anakisukuma chakula na kumwambia arudie.

Ukumbi ulipasuka. Mama wa zabibu alisimama kabisa. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akisema "Mfunze, mwanangu, mfunze." Mimi mwenyewe niliacha kutafsiri. Na katikati ya kelele ile binti wa Bahi, akiwa pale pale mlangoni na sufuria ya mlenda mkononi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, huyo Nina analipwa shilingi ngapi?"

Mama mwenye nyumba akageuka. "Nina hajafuata mshahara. Amefuata kisasi."

"Kisasi ni cha usiku, Mama. Mchana si anapika?"

Hakuna aliyecheka. Mama wa zabibu akakaa. Dereva wa bodaboda akatazama simu yake. Lilikuwa ni swali la heshima, limeulizwa kwa heshima, kuhusu mtu asiyekuwepo ndani ya nyumba ile wala ndani ya bara letu. Kwa hiyo lilibidi lijibiwe.

Nilijaribu kujibu kama mwalimu. Nikasema hatuambiwi, ila nyumba kama ile lazima inalipa vizuri. Mama wa zabibu akasema matajiri ndio walipaji wabaya. Hapo ndipo nikataja kwamba hata hapa kwetu kuna kima cha chini. Agizo la mishahara la 2013 lilisema mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri asilipwe chini ya shilingi 40,000 kwa mwezi. Nilikuwa nimelisoma gazetini. Sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti katika nyumba ile, na nilijua kwa nini sijawahi. Binti alikuwa analipwa chini ya hapo, na nilikuwa mpangaji.

"Anakula kwangu," mama mwenye nyumba akasema. "Analala kwangu. Sabuni yangu, mafuta yangu, akiumwa nampeleka mimi."

Mama wa zabibu, bila kumtazama, akasema: "Hata Carminha angesema hivyo hivyo."

Nimeifikiria sentensi ile mara nyingi kuliko karibu kitabu chochote nilichofundisha. Ingesemwa moja kwa moja, wewe mama unamdhulumu huyu mtoto, urafiki wa miaka mingi ungevunjika usiku ule na mama wa zabibu angetafuta chumba kingine. Watu wa pwani wana kanga na taarabu za kupitishia maneno kama hayo. Wagogo wana nyimbo ambamo mtu anasemwa mbele ya kijiji kizima bila kutajwa. Katika nyumba ya wapangaji ya Chang'ombe, ambamo Mgogo, Mrangi, Mnyaturu na Mhehe wanachangia korido na bomba moja la maji, hatukuwa na wimbo wa pamoja. Tulikuwa na Carminha. Alitoka mbali kiasi kwamba hakuwa shangazi wa mtu wala mkwe wa mtu, hivyo kila mmoja aliweza kumtumia.

Na walimtumia. Wiki zilizofuata mjadala uliendelea, lakini daima kwa njia hiyo. Mtu alisema Carminha angempa Nina siku ya kupumzika, Nina asingepata sababu ya kupanga njama. Mwingine akasema Carminha hakujua hata Nina anatoka wapi, hakuwahi kumuuliza jina la kijiji chake. Jioni moja mama mwenye nyumba, tukiwa tunachagua mchele uani, aliniuliza kwa sauti ya chini ile karatasi ya serikali inasemaje hasa, na kama inahesabu chakula. Sikumhubiria. Nilimweleza ninavyojua.

Mwisho wa mwezi ule binti alipewa 40,000. Alipewa pia Jumapili mchana, baada ya ibada, mpaka jua kuzama. Sitaki kulikuza jambo hili. Hakukuwa na sherehe, na mama mwenye nyumba hakusema alikuwa na makosa. Alisema vitu vimepanda bei. Binti mwenyewe hakukaa hata mwaka baada ya hapo. Alipata mtu wa kumpeleka Dar es Salaam, akaondoka na begi lake na akiba aliyokuwa ameiweka kwa mama wa zabibu. Lakini nililoona niliona. Agizo la serikali lilikuwa limeshapita muda mrefu kabla ya tamthilia ile kutufikia, limechapishwa, lina muhuri, na halikuwa limevuka kizingiti cha nyumba yetu. Mpishi wa kubuni ndiye aliyeliingiza ndani. Na mama mwenye nyumba, ambaye ningemweka kundi la wabaya kama ningekuwa mvivu wa kufikiri, alikuwa ni yule mtu wa katikati wa Sabido, aliyeyumba na kugeuka mbele ya macho yetu, kwenye kochi lake mwenyewe.

Brazil nao walikuwa na mjadala huo huo, kwa ukubwa wa taifa. Mwaka ule ule wa 2012 Globo walikuwa na tamthilia nyingine ya saa za mapema zaidi, Cheias de Charme, ambayo mashujaa wake watatu ni wasichana wa kazi. Mwezi Aprili 2013 katiba ya Brazil ikarekebishwa kuwapa wafanyakazi wa nyumbani haki walizokuwa nazo wafanyakazi wengine, pamoja na ukomo wa saa 44 za kazi kwa wiki. Madai hayo yalipiganiwa na vyama vya wafanyakazi hao kwa miongo mingi, na ingekuwa dhuluma kuwapa waigizaji sifa yao. Ninachosema ni kwamba nchi ilikuwa imekaa jioni baada ya jioni ikimtazama mpishi usoni.

Wapo wachumi waliopima jambo kama hili kwa hesabu. Eliana La Ferrara na wenzake wawili walichunguza tamthilia 115 za Globo za kati ya 1965 na 1999. Walikuta kwamba asilimia 72 ya wahusika wakuu wa kike wenye miaka 50 au chini ya hapo hawakuwa na mtoto hata mmoja, na asilimia 21 walikuwa na mmoja tu. Kisha wakaona kwamba maeneo yaliyofikiwa na mawimbi ya Globo, wanawake walizaa watoto wachache kuliko ambako mawimbi hayajafika, hasa wanawake maskini. Hakuna aliyekuwa amewahubiria uzazi wa mpango. Nikisoma matokeo hayo namkumbuka Mkwaju na mipaka ya mawimbi ya Dodoma. Ni swali lile lile, limeulizwa pande mbili za Atlantiki, na jibu linakaribiana.

Ukumbi ule wa Chang'ombe haupo tena. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kwa kweli, uamuzi uliokuwa unasubiri tangu 1973, na kodi za vyumba zikaanza kupanda. Wabrazili walishapita njia hiyo: mji mkuu wao, Brasília, ulizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960 juu ya tambarare yao ya kati, mbali na bahari kama wetu. Wapangaji wa zamani tulitawanyika, mimi Nkuhungu, mama wa zabibu Nzuguni. Wafanyakazi wa wizara walikuja na familia zao, na kila familia ilihitaji dada wa kazi, na mabasi ya Bahi na Kongwa yakawaleta.

Leo nyumbani kwangu tamthilia zipo nyingi kuliko nilivyowahi kuota, na nyingine ziko kwa Kiswahili. Za Kituruki zimetiwa sauti zetu kwa ustadi, na zetu wenyewe kama Huba na Jua Kali zina watu wazuri ndani yake. Wanafunzi wangu wanazijua zote. Ila kila mmoja anatazama kwa simu yake, na spika za masikioni, kwa wakati wake. Nikiwauliza asubuhi jana imekuwaje, mmoja yuko sehemu ya tano, mwingine ya ishirini, na wote wananiziba mdomo nisiwaharibie. Hawawezi kubishana. Hilo linanisikitisha kuliko ubora wa tamthilia yoyote. Ndiyo maana Ijumaa, kipindi cha mwisho, tunatazama sehemu moja pamoja kwenye projekta ya shule, halafu naizima na kukaa kimya mpaka mtu aanze.

Waandishi wetu wa tamthilia nawaomba kitu kimoja. Dada wa kazi yumo katika karibu kila hadithi wanayoandika, lakini yumo kufungua geti, kuleta juisi, au kuiba mume wa mtu. Mpeni jiko lake. Mwandikeni akiwa katikati ya hadithi, na mumruhusu akosee, maana Nina alikosea vibaya. Kisasi chake kiliumiza watu waliompenda, Tufão akiwemo, na Carneiro hakumficha. Asingekosea, tusingekuwa na la kubishania.

Nimeuacha mwisho wa tamthilia makusudi, kwa sababu ndio uliotugawa kuliko yote. Carminha anafungwa kwa kumuua Max. Anatoka gerezani na kurudi kuishi jalalani, alikokulia yeye mwenyewe kabla ya uovu wake wote. Nina anakwenda kumtembelea huko, na mume na mtoto mchanga, na wale wawili, mtesi na mteswa, wanapatana. Mama wa zabibu alilia waziwazi. Mama mwenye nyumba alisema hivyo ndivyo inavyotakiwa, Mungu ndiye mwenye kisasi, na mtu aliyetoka jalalani amejilipia. Dereva wa bodaboda alisema haiwezekani, yeye angemwacha aoze jela.

Binti wa Bahi alikuwa bado nasi. Safari hii alikuwa amekaa, kwenye mkeka, kati ya watu.

"Amsamehe, sawa," alisema. "Na ile hela ya nyumba ya baba yake?"

Mama mwenye nyumba akamwambia msamaha hauna risiti. Binti akasema deni ni deni, kusamehe ni moyo wake Nina lakini nyumba ilikuwa ya marehemu. Mama wa zabibu akahamia upande wa binti. Dereva akataka kujua kwa sheria za kule mtoto wa kambo anarithi vipi, wote wakanigeukia mimi, na mama mwenye nyumba akaagiza chai iletwe. Kisha akakumbuka kwamba ni Jumapili, akainuka kwenda kuichemsha mwenyewe, akiendelea kubishana kutoka jikoni.